Maswali ya Wasomaji: Mgeni Katika Darasa la Wajerumani

Tangu tulipochapisha habari fupi kuhusu vijana wanaokwenda kusoma kwa muda katika shule za Ujerumani, Austria na Uswisi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, tumepokea barua nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua nne. Nazijibu kama mwalimu wa Kijerumani wa shule ya sekondari, na pia kama mtu ambaye, akiwa na umri wa miaka 17, alitoka Mwanza akaishi miezi mitano na familia moja ya Würzburg, mji ambao umekuwa na udugu na Mwanza tangu mwaka 1966. Majina ya walioandika na ya shule zao nimeyaacha.

Alama yangu ya darasani ni mbaya, na sina wa kuzungumza naye

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 16 kutoka Dar es Salaam. Tangu mwezi wa Agosti nasoma darasa la kumi katika shule moja ya Hamburg, na nitakaa hadi mwisho wa Januari. Nyumbani nilikuwa wa tatu darasani. Hapa nafanya kazi zote, sichelewi, wala sijawahi kumjibu mwalimu vibaya. Katika mtihani wa jiografia wa kuandika nilipata 2, lakini alama yangu ya ushiriki ni 5, na mwalimu amesema nisipobadilika nitapewa 4 kwa jumla. Nililia sana. Wenzangu hawanitukani, ila hawanisemeshi, na wakati wa mapumziko nasimama peke yangu karibu na dirisha. Je, huu ni ubaguzi? Nimwombe baba anirudishe nyumbani?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na alama, kwa kuwa ndiyo iliyokuliza, kisha nije kwenye dirisha.

Katika shule za Ujerumani alama zinakwenda kinyume na tulivyozoea: 1 ndiyo bora kabisa, 4 ni ya kupita kwa shida, 5 na 6 ni za kufeli. Kwa hiyo ile 2 ya mtihani wako ni alama nzuri, na uwaeleze hivyo nyumbani, maana namjua mama mmoja wa hapa Mwanza aliyempigia binti yake simu usiku akamgombeza kwa sababu cheti kilijaa 1 na 2. Ila alama ya mwisho haitokani na karatasi peke yake. Kila jimbo kati ya majimbo 16 ya Ujerumani lina taratibu zake za elimu, lakini katika mengi yao ushiriki wa mdomo darasani huhesabiwa kwa uzito mkubwa, na katika masomo kadhaa hufikia nusu ya alama nzima au kuizidi. Mwalimu huweka kumbukumbu za kila anayechangia: nani alinyoosha kidole, nani aliuliza, nani aliipinga hoja ya mwenzake na kwa sababu gani. Aliyekaa kimya kipindi kizima huhesabiwa kuwa hakushiriki, hata kama aliyaelewa yote. Kwa hiyo sidhani kama mwalimu huyo alikuadhibu kwa ugeni wako. Alipofungua daftari lake hakukuta kitu cha kukupa alama.

Najua ukimya wako ulikotoka, kwa sababu wangu ulitoka huko huko. Tulilelewa kwamba mtoto mwenye adabu husubiri aulizwe, na katika darasa la watoto 60 au zaidi kunyamaza ndiko kunakowawezesha wa nyuma kumsikia mwalimu. Adabu hiyo si kosa, na usiitupe. Lakini hapo ulipo ukimya unapokewa vingine kabisa: mwalimu anaona mtu ambaye hakujiandaa, na wanafunzi wenzako wanaona mtu ambaye hapendi kusumbuliwa, nao kwa heshima wanamwacha kama alivyo. Wewe unawastahi, wao wanakustahi, na matokeo yake umebaki peke yako dirishani.

Nikusimulie lililonipata mimi. Ilikuwa mwezi wa Novemba, kipindi cha historia. Mwalimu alitundika ramani ya Afrika ya mwaka 1914, akasema kwa sentensi mbili tatu kwamba Ujerumani nayo ilikuwa na makoloni, kisha akauliza kama kuna anayejua lolote kuhusu Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuna kidole kilichoinuka. Mimi nilikuwa safu ya tatu, karibu na chuma cha kupashia joto, mikono chini ya meza. Nilijua kwamba Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi. Nilijua habari za Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji yaliyosemekana kuwakinga wapiganaji na risasi. Nilijua kwamba Nkosi Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906. Na nilijua kwamba majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, hata makadirio mengine ya waliokufa yakafika 300,000. Yote hayo niliyajua kwa Kiswahili, na Kijerumani nilichokuwa nacho kingetosha kusema angalau nusu yake. Nikaangalia kucha zangu. Mwalimu alisubiri kidogo, akakunja ramani, tukaendelea na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jioni nilimsimulia binti wa ile familia niliyoishi nayo, ambaye tulisoma darasa moja. Alikuwa anapaka mkate siagi, akaweka kisu chini, akaniuliza: "Kwa nini hukusema? Sisi tungejuaje?" Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa hajui kabisa kwamba vita hivyo vilikuwapo, na wazazi wake waliokuwa wamekaa nasi mezani hawakujua pia. Juma lililofuata nilimwendea mwalimu baada ya kipindi nikamwambia, kwa Kijerumani cha kuokoteza, kwamba ningependa kueleza. Akanipa dakika kumi. Nilichukua ishirini, vitenzi karibu vyote nilivikosea, na hakuna aliyecheka. Kengele ilipolia, wavulana wawili ambao hawakuwahi kunisalimu walinifuata mpaka ngazini wakitaka kujua kama watu wa Songea bado wanakumbuka. Niliwaambia kwamba wanakumbuka, na kwamba kila mwaka mwezi wa Februari wanakusanyika kuwakumbuka walionyongwa. Miaka mingi baadaye, nilipomwona Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani akiomba msamaha mjini Songea tarehe 1 Novemba 2023, niliwawaza wale wavulana.

Sasa nikuambie la kufanya. Kesho mwendee kila mwalimu wako, mmoja mmoja, baada ya kipindi chake, umwulize: "Wie kann ich meine mündliche Note verbessern?" Maana yake ni: niipandisheje alama yangu ya mdomo? Kwetu swali kama hilo lingeweza kuonekana kama kumbembeleza mwalimu. Kwao ni dalili ya mwanafunzi makini, na wengi watakueleza kwa urefu wanachotaka. Kisha jiwekee sharti la kusema mara moja katika kila kipindi, na useme ndani ya dakika kumi za mwanzo, kwa sababu hofu huzidi kadiri kipindi kinavyokwenda. Sentensi hiyo iandae usiku uliotangulia. Si lazima liwe jibu: swali zuri nalo ni ushiriki. Unyooshe kidole cha shahada kama wenzako wanavyofanya, ukisubiri uitwe. Ukikosea sarufi, endelea. Wanaokusikiliza wanatafuta hoja yako, na mwalimu wa jiografia hasahihishi viambishi.

Ukija kwenye dirisha, kumbuka kwamba watoto wengi wa shule yako wamekuwa pamoja tangu darasa la tano, na urafiki wao umeshajengeka miaka mitano kabla hujafika. Mara chache sana watakuja kukuvuta uingie katika mazungumzo yao. Wanangoja uingie mwenyewe. Njia nyepesi zaidi si maongezi matupu bali kufanya jambo pamoja. Baada ya masomo shule huwa na vikundi vinavyoitwa AG, vya muziki, maigizo, michezo au bustani, na nje ya shule kila mtaa una vyama vya michezo, Verein, ambamo vijana wa huko hutumia jioni zao nyingi. Kama ulicheza netiboli nyumbani, mpira wa mikono utaumudu upesi, na Wajerumani wanaupenda sana. Pia una zawadi ambayo hakuna mwingine darasani anayo: waambie kwamba neno letu "shule" limetoka kwenye Schule yao, na kwamba "hela" ilitoka kwenye Heller, sarafu waliyoitumia hapa zamani za utawala wao. Mimi nililisema hilo siku moja kwenye foleni ya chakula, na kabla hatujafika mezani nilikuwa nimeshaulizwa maneno mengine kumi.

Kuhusu ubaguzi, sitaki kukupa jibu la haraka, kwa sababu upo, na sitamwambia mtoto aliye mbali na kwao kwamba aliyoyaona hakuyaona. Katika barua yako naona zaidi upweke kuliko ubaguzi. Lakini kama kuna anayekushika nywele bila ruhusa, anayekuita kwa jina la dharau, au mwalimu ambaye unanyoosha kidole na yeye kila siku anakuruka, jambo hilo usilinyamazie hata siku moja. Mwambie mama mwenyeji wako. Mwambie msimamizi wa mpango uliokupeleka. Na uulize shuleni ni nani Vertrauenslehrer, au Verbindungslehrer kama baadhi wanavyomwita, yaani mwalimu ambaye kazi yake ni kusikiliza matatizo ya wanafunzi.

Jambo la mwisho ni giza. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg huchomoza mnamo saa mbili na nusu asubuhi na kuzama mnamo saa kumi jioni, na mtoto aliyezaliwa kwenye jua la Dar es Salaam hulemewa moyo bila kujua sababu. Toka nje kila siku kukiwa bado na mwanga, hata kwa nusu saa, hata kama kuna manyunyu. Na nyumbani usirudi sasa. Una majuma ya kutosha mpaka mwisho wa Januari, na mwalimu aliyekupa onyo mapema amekuachia nafasi ya kubadilisha mambo.

Mwanangu analala njaa

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mzazi, mkazi wa Tanga. Mwanangu wa miaka 17 yuko katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani kwa miezi mitatu. Ananiambia usiku wanakula mkate baridi na jibini, na kwamba hulala na njaa kwa sababu mama mwenyeji humkaribisha mara moja tu, basi. Sisi ni Waislamu na naogopa habari za nguruwe. Nataka kumwandikia huyo mama lakini naona haya, asije akadhani hatuna shukrani. Nifanye nini?*

Mama yangu, nimekuelewa, na mwanao namwonea huruma kwa sababu mimi mwenyewe juma la kwanza nililala na njaa siku nne mfululizo katika nyumba yenye friji iliyojaa.

Mkate ule si dharau. Familia nyingi za Ujerumani hula chakula kilichopikwa mchana, na usiku hukaa mezani pamoja kwa mlo uitwao Abendbrot, ambao kwa tafsiri ni mkate wa jioni: mikate ya namna mbalimbali, jibini, soseji, matango, nyanya, labda na yai la kuchemsha. Kila mtu hujipakulia. Huo ndio wakati ambao familia huzungumza, kwa hiyo mwanao asiukimbie kwenda chumbani.

Shida yenyewe iko kwenye kukaribishwa. Kwetu Pwani mgeni akiambiwa "karibu chakula" hukataa kwanza kwa heshima, mwenyeji akasisitiza, mgeni akakataa tena kidogo, na mara ya tatu sahani ikawekwa mbele yake. Kule mtu huulizwa mara moja, na akisema hapana huaminiwa, kwa kuwa kumlazimisha mtu kula alichokataa ni kukosa adabu. Kuna na mtego mwingine ambao vitabu vingi vya lugha haviutaji: mtu akikunyooshea sahani na wewe ukajibu "Danke" peke yake, mara nyingi amesikia umekataa. Mwanao aseme "Ja, gerne" akitaka, na "Nein, danke" akiwa ameshiba kweli. Akisikia njaa baadaye, aulize: "Darf ich mir etwas aus dem Kühlschrank nehmen?", yaani naomba ruhusa nichukue kitu kwenye friji. Akishauliza siku moja na kukubaliwa, aghalabu ruhusa hiyo ni ya siku zote.

Kuhusu nguruwe, hofu yako ni ya haki, kwa sababu soseji na nyama nyingi za kuwekwa kwenye mkate kule ni za nguruwe, hata zile ambazo majina yao hayasemi hivyo. Ayajue maneno haya: Schwein, yaani nguruwe, Schinken, nyama ya paja lake, na Speck, nyama yake yenye mafuta. Salami nayo aulize kabla ya kuila, na pia Leberwurst, ile soseji laini ya maini. Vipo na vitu visivyofanana na nyama: peremende nyingi za kutafuna hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, na baadhi ya mtindi na keki nazo huwekwa jelatini, kwa hiyo asome karatasi ya nyuma akitafuta neno Gelatine. Baadhi ya michuzi na keki hutiwa mvinyo au pombe kali. Asingoje kuviona mezani. Aseme mapema, kwa utulivu, kama mtu anavyosema hali karanga kwa sababu za kiafya.

Na wewe mwandikie huyo mama. Usione haya hata kidogo. Kule mtu anayesema wazi anachohitaji humpunguzia mwenyeji wake kazi ya kubahatisha, na mama aliyempokea mtoto wa mwenzake angehuzunika zaidi kugundua mwezi wa tatu kwamba mtoto alikuwa analala na njaa ndani ya nyumba yake. Anza kwa kumshukuru, umweleze kwamba nyumbani kwenu mgeni hukataa kwanza ndipo akubali, umtajie msichokula, kisha umwombe ruhusa ya mwanao kupika siku moja. Miji mingi ya Ujerumani, hata midogo, ina duka la Waturuki lenye nyama halali, mchele mzuri na binzari. Pilau ya Tanga ikiiva katika jiko lile, mengine yote yatazungumzika kwa urahisi.

Hukuuliza kuhusu Jumapili, lakini huenda atakulalamikia na hiyo. Maduka karibu yote hufungwa kwa mujibu wa sheria, watu hawakati majani wala kupiga nyundo, na mtaa hunyamaza kama kumefiwa. Hakujafiwa. Familia hutembea porini au kando ya mto, na alasiri hunywa kahawa kwa keki. Akialikwa kutembea, akubali.

Je, Kijerumani changu kitafaa Uswisi?

*Salamu Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 18 kutoka Nairobi. Nimefika kiwango cha A2 cha Kijerumani na mwaka ujao nitakwenda shule moja karibu na Bern kwa muhula mmoja. Rafiki ameniambia kwamba Waswisi hawazungumzi Kijerumani nilichojifunza, na kwamba nitapoteza muda bure. Ni kweli?*

Rafiki yako amesema nusu ya kweli. Uswisi ina lugha nne za taifa, na katika sehemu ya Kijerumani watu huandika Kijerumani sanifu lakini huzungumza lahaja zao, nyumbani, dukani na hata redioni. Wewe unaijua hali hiyo vizuri kuliko unavyodhani. Mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu kwa vitabu akashushwa Lamu au Pemba, siku ya kwanza atasikia maneno yanampita kama upepo, ila hakuna atakayesema Kiswahili chake ni cha bure, kwa sababu kila mtu pale anakisoma, anakiandika na anakielewa. Darasani masomo hufundishwa kwa Kijerumani sanifu. Nje ya darasa wenzako watarudi kwenye lahaja ya Bern bila kukusudia kukutenga, na ukiwaomba wazungumze sanifu watafanya hivyo, kisha baada ya dakika tano watasahau, nawe utaomba tena. Omba tena bila kuona aibu. Jifunze maamkizi ya pale: Bern husema "Grüessech" mahali ambapo Zürich husema "Grüezi". Baiskeli ni Velo, asante ni Merci.

Alama zao nazo zitakuchanganya ukiwa na rafiki Ujerumani, kwani Uswisi 6 ndiyo ya juu kabisa na 4 ndiyo ya kupita. Austria wanatumia 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora.

Nikuonye pia kuhusu saa, kwa kuwa iliniponza. Tuliambiwa basi la kwenda Nürnberg linaondoka "halb acht". Acht ni nane, halb ni nusu. Nikahesabu nane na nusu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kuhesabu saa za kizungu, nikafika saa 8:30 na kukuta uwanja mtupu. Mjerumani husema nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, ambayo sisi kwa Kiswahili tungeiita saa moja na nusu asubuhi. Baba mwenyeji wangu alinipeleka kwa gari lake hadi Nürnberg, zaidi ya kilomita 100, bila neno la lawama, na mpaka leo nikitafsiri saa nafanya hivyo kwa kuandika tarakimu kwenye karatasi. Tarakimu zenyewe nazo ziangalie: 21 kwao hutamkwa moja na ishirini, kwa hiyo ukitajiwa namba ya simu irudie kwa sauti tarakimu moja moja.

Kiwango chako cha A2, yaani cha pili kutoka chini, kinatosha kuanzia. Miezi iliyobaki itumie kusikiliza kuliko kusoma.

Wao wanakuja, wetu hawaendi

*Mwalimu mwenzangu, ninafundisha sekondari moja mkoani Mwanza. Shule rafiki ya Ujerumani imeshaleta wanafunzi wake kwetu mara mbili. Mwakani ni zamu yetu kwenda kwa majuma matatu, na nina hofu kwamba viza zitatukwamisha. Nianzie wapi?*

Mwalimu mwenzangu, hofu yako naifahamu, na inanichoma kwamba katika udugu mwingi wa shule upande mmoja ndio unaosafiri. Anza mapema kabisa. Kwa majuma matatu mnahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo hutolewa kwa ziara isiyozidi siku 90, na maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usisubiri mwezi wa mwisho. Wanafunzi wanaokwenda kwa masomo au mafunzo, pamoja na walimu wanaowasindikiza, hawatozwi ada ya viza hiyo, na wengi hulipa au huahirisha safari kwa kutokujua hilo. Bima ya matibabu ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000.

Kinachochelewesha zaidi ni karatasi za wazazi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya wazazi wote wawili, na katika orodha yako bila shaka wamo wanaolelewa na bibi au mjomba, au ambao baba hajulikani alipo. Hao washughulikie wa kwanza: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, na hati ya mahakama ya ulezi kama mlezi ni ndugu. Nimemwona msichana mmoja hodari akibaki nyumbani kwa kukosa karatasi moja tu ambayo ingepatikana kama tungeianza miezi miwili mapema, na kosa hilo lilikuwa letu walimu. Na siku moja mkipata nafasi ya mwanafunzi kukaa muhula mzima, kumbuka kwamba tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria ya Ujerumani inataka kila mwanafunzi aoneshe uthibitisho wa kinga ya surua, kwa hiyo ile kadi ya kliniki ya utotoni iliyo kwenye sanduku la mama yake itatakiwa.

Karatasi zikishaanza kwenda, waandae watoto kusema. Kila Ijumaa wasimame wawili mbele ya wenzao, bila daftari mkononi, waeleze jambo moja la kwetu kwa dakika tano kisha waulizwe maswali. Na katika maswali hayo lisikose hili, kwa sababu wale wageni waliokuja Mwanza bila shaka walipiga picha ziwani na watawauliza: kwa nini jiwe lile lililosimama majini linaitwa jina la Bismarck, alikuwa nani, na katika Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 alifanya nini. Mwanafunzi wako awe na jibu lake mwenyewe, kwa Kijerumani au kwa Kiingereza, na aweze kulisema akiwa amemtazama aliyemwuliza.